Harusi ya Bualai Katika Mwaka wa Msiba

Mfalme alifariki muhula ukiwa katikati, na chuo chetu hapa Khon Kaen, Thailand, kikanyamaza. Walimu walilia darasani bila kuona haya. Jioni tulipiga magoti uwanjani na mishumaa, maprofesa na wafagizi bega kwa bega, maana wengi wetu tangu kuzaliwa hatukuwahi kumjua mfalme mwingine. Hata Bualai, muuza saladi ya papai bichi wa kantini, ambaye mdomo wake haujui likizo, alitwanga pilipili siku nzima bila neno, machozi yakimtiririka.

Lakini Bualai alikuwa na lake moyoni. Mwezi uliofuata alikuwa aolewe. Naam, Bualai huyuhuyu, na miaka yake hamsini na sita! Ujanani alichumbiwa na kijana mmoja aliyemwambia, "Ngoja tuvune mpunga kwanza," kisha akaenda Bangkok kutafuta kazi, na mpaka leo hajarudi. Bualai akamuuguza mama yake, akauza saladi, akazeeka akiwatania wanafunzi. Ndipo Samrit, mtunza bustani wa chuo, mgane mpole wa maneno machache, akaanza kula saladi yake kila mchana, na pilipili yenyewe haiwezi, mpaka siku moja akafuta jasho, akaposa. Bualai akanunua hariri ya harusi ya rangi ya waridi, akaitundika chumbani, na kila asubuhi lazima aiguse kabla ya kutoka.

Sasa msiba wa taifa ni mwaka mzima. Mashindano, maonyesho, ngoma, vyote vikaahirishwa. Kila aliyepita kantini alimwambia, kwa wema kabisa, "Shangazi, si mtasogeza mbele tu?" Na Samrit? Kimya. Anakula, anashukuru, anarudi kwenye maua yake. Kimya hicho ndicho kilichomkosesha Bualai usingizi.

Nguo nyeusi zilipokwisha madukani, wanafunzi wa kemia waliweka mapipa ya maji moto mbele ya maabara, wakawa wanawatilia watu nguo rangi bure. Bualai akaja na furushi lake, lote rangi za kasuku.

"Shangazi, hizi zitamaliza rangi ya mkoa mzima," Phrae, msichana aliyekuwa akikoroga, akamtania.

"Koroga, mwanangu. Wewe ukija kwangu kuongezwa papai, nakunyima?"

Mara Samrit akatokea na shati la samawati mkononi. Shati la harusi. Akampa Phrae, likazama. Bualai akaliweka furushi lake chini.

"Kwa hiyo ndiyo basi," akasema.

"Basi nini?"

"Samrit, usinifanye mtoto. Shati la harusi umelitia pipani. Sema tu ni mpaka mwakani, nijue moja."

Samrit alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sina lingine zuri. Nchi nzima imevaa nyeusi, mimi nitavaa nini siku hiyo? Kalete na yako."

"Na tarehe?"

"Tarehe ni ileile. Ngoma hatutapiga. Kwani naoa ngoma?"

Phrae aliacha kukoroga.  Bualai akaenda nyumbani mbiombio, akaitungua hariri.

Hariri ile haikukubali rangi vizuri. Ilitoka zambarau yenye mabaka, na wanafunzi wakaomba radhi mpaka wakamchosha. Aliivaa hivyohivyo. Siku ya harusi watawa walibariki, wazee wakawafunga nyuzi nyeupe mikononi, na kabla ya kula tuliinamisha vichwa kumkumbuka marehemu mfalme. Bualai akalia mabega yakitikisika.

Samrit akamsogelea. "Unamlilia mfalme?"

"Yeye nimemlilia mwezi mzima," Bualai akasema, wala hakupangusa macho. "Leo nalia kwa sababu umekuja."