Lifti Kwenye Kiwanja cha Kaka

Njia ya kwetu Kibosho ina jiwe. Liko kwenye kona ya mwisho kabla ya kufika nyumbani, na mwili wake wote umezama ardhini isipokuwa mgongo, ambao una meno mawili, moja refu na jingine fupi. Baba aliwahi kujaribu kuling'oa enzi za ujana wake. Alichimba kutwa nzima bila kuona mwisho wake, akalifukia tena na kusema kwamba hapo mlima umeweka mguu. Gari la chini likipita, jiwe hulikwaruza tumbo na kuacha mistari miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mimi ni fundi magari, na mistari hiyo nimeiona mara nyingi kuliko nilivyouona uso wangu kwenye kioo. Kila Desemba, wenzetu wa Dar wanapopanda kuja kula Krismasi na wazazi, jiwe ndilo lililoniletea wateja. Majirani walinitania kwamba nalipelekea mtori wa ndizi ili lisikonde.

Kuangalia tumbo la gari nilifundishwa na kaka yangu, aliyenizidi miaka minane. Parokia ilikuwa na gari kuukuu, kaka akapewa kazi ya kuliosha, nami nikamfuata kama mkia. Tulilala chini yake migongo ikiwa kwenye majani mabichi, naye ananionyesha. "Uso wa gari ni wa kuuzia," alikuwa akisema. "Ukitaka kujua lilikotoka, lala chini." Kulikuwa na udongo mweusi wa mashamba ya miwa kule tambarare, vumbi la kijivu la barabara kuu, na udongo wetu mwekundu ulioganda juu ya springi. Hata alipokuwa mtu mzima wa Dar, na suruali za kupigwa pasi, hakuondoka na gari kabla ya kuinama na kulichungulia chini. Nilimpenda kwa tabia hiyo kuliko kwa zawadi zote alizowahi kunipa.

Mimi nilifanya kazi kwenye karakana ya shirika la umma hapo Moshi mjini mpaka shirika likauzwa, tukarudishwa makwetu na masanduku yetu ya spana. Kwetu Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na kitinda mimba nilikuwa mimi. Kaka, kwa kuwa mzaliwa wa kwanza, baba alimkatia kipande cha juu cha kihamba, mahali pekee palipo sawasawa katika shamba letu lote la migomba na kahawa lililojaa mteremko. Akapanda mstari wa masale kuonyesha mpaka. Isale ni mmea wetu wa heshima: kwa mti wake tunaweka mipaka, na kwa jani lake tunaomba msamaha. Kaka alikuwa ajenge nyumba yake pale siku atakapoichoka Dar. Baba alifariki akijua hivyo.

Nikaanza ufundi nyumbani, kwa jeki na mawe, kwenye mteremko. Siku moja jeki iliteleza na gari likashuka. Kama si tairi nililokuwa nimelisukumiza chini kwa tahadhari, nisingekuwa hapa nikiandika. Nikaamua kuchimba shimo la kusimama chini ya gari, kama gereji zote. Mama akakataa katakata.

"Shimo la urefu wa mtu halichimbwi kihambani likaachwa wazi," alisema. "Litamwita mtu."

"Mama, hata padri ana shimo la choo."

"La padri lina mfuniko."

Mama yangu humshindi kwa maneno. Nikamwandikia kaka.

Wakati huo milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa, na bandarini Dar vilimiminika vitu vya mitumba vya kila namna. Kaka akaandika kwamba ameona lifti za magari zilizotumika, zimetoka Japani, na atanitumia moja kama zawadi. Ila nichague: ya nguzo mbili au ya nguzo nne? Tuliandikiana barua miezi mitatu juu ya swali hilo, na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Ya nguzo nne gari hupanda juu ya reli zake likatulia kama ng'ombe zizini, lakini hudai banda refu, na magurudumu yanakuwa yamekalia reli. Ya nguzo mbili hulikamata gari kiunoni kwa mikono minne, magurudumu yananing'inia, tumbo lote liko wazi. Ubaya wake inavuta sakafu kwa nguvu, hivyo inataka zege nene lenye nondo, na mahali pa sawasawa kabisa. Mota nayo ilibidi iwe ya umeme wa kawaida wa nyumbani, kwa sababu umeme wa njia tatu, ule wa viwandani, ulikuwa haujafika kwetu. Nikachagua nguzo mbili. Kaka akajibu, "Umechagua kifundi. Zege usilifanyie ubahili." Na chini kabisa ya barua akauliza, "Utaiweka wapi?"

Nilimjibu kila kitu, urefu wa paa, unene wa zege, ukubwa wa bolti. Hilo moja nikaliandikia maneno mawili tu: "Mahali patapatikana."

Nilijua ni wapi. Mahali pa sawasawa palikuwa pale tu, kwenye kipande cha kaka. Nikajiambia kaka ana nyumba yenye maji ya bomba na sakafu ya vigae, atarudi lini kukanyaga matope ya huku? Nikang'oa masale ya baba. Sikuyatupa, niliyapanda upya kwenye ua wa mbele, nikajiona muungwana. Mama alikuwa akinitazama kutoka jikoni.

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Nitamwambia akija."

"Kuuliza na kuambia si kitu kimoja," alisema, akarudi kwenye moto wake.

Siku ya kwanza kuitumia lifti niliiogopa. Niliiweka mikono yake chini ya gari la jirani, nikalinyanyua kimo cha kiganja kimoja tu, nikalisukuma kuona kama limekaa, ndipo nikalipandisha. Vyuma vya usalama viligonga ndani ya nguzo, ta, ta, ta, kila hatua. Nikalishusha kidogo likalie vyuma hivyo badala ya kuning'inia kwa nguvu ya oili, halafu nikaingia chini yake nimesimama wima. Maisha yangu yote nilikuwa nimeyatazama magari nikiwa chali kama mgonjwa. Niliinua mkono nikalishika sampo, bakuli la oili chini ya injini, kama mtu anayechuma parachichi, na machozi yakanitoka. Nilitamani kaka awe pembeni yangu.

Alikuja Desemba, na pikapu ya kuazima. Nilimpeleka juu. Akazunguka zege, akalipima kwa hatua zake, akatazama pale masale yalipokuwa yamesimama. Nilisubiri anitukane, kwa kuwa matusi nayajua, ningeyajibu. Akasema tu, "Imekaa vizuri. Imenyooka." Jioni akala kwa mama, akacheka na majirani, akanywa mbege yake.

Kila mwaka alikuwa akikaa mpaka mwaka mpya uingie. Mwaka ule aliondoka kesho yake asubuhi. Nilikuwa chini ya gari nikasikia viatu vyake kwenye zege, vikasimama. Mdogo ndiye anayeanza kusema shikamoo, hilo hata mtoto anayejifunza kuongea analijua. Mimi nikaendelea kukaza nati iliyokwisha kukazika. Niliona viatu vyake, vyeusi, vimetiwa matope yetu pembeni. Vilikaa pale muda, kisha vikageuka. Nikajiambia kama ana neno si alitoe. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na aibu za mbali. Aibu ilipofika, pikapu ilikuwa imeshavuka kona.

Hakurudi. Desemba moja, mbili, hata sita. Sukari na mablanketi ya mama yalikuja kwa mikono ya watu. Mama naye hakuchoka: "Peleka isale." Kwetu aliyekosa huchukua jani la isale, akalifunga fundo na kulipeleka kwa mkono wake kwa aliyemkosea, na huyo hawezi kulikataa, liwe kosa la ukubwa gani. Nami nikijibu, "Nipeleke isale, kwani nimeua?" Nilijua kosa langu. Kulipeleka jani lile kulikuwa ni kusema kwa kinywa changu kwamba nilimnyang'anya ndugu yangu kiwanja kwa kutumia zawadi yake mwenyewe. Badala yake, kila mkesha wa Krismasi niliiacha lifti tupu. Wateja niliwaambia naipumzisha. Nilikuwa nikisikiliza kona.

Desemba ya saba alikuja binti yake mkubwa, akiendesha gari la baba yake, gari dogo la Kijapani ambalo kaka alilinunua miaka miwili baada ya siku ile ya viatu. Sisi hatukuwahi kuliona.

"Shikamoo baba mdogo. Kuna kitu kimegonga chini hapo konani."

"Marahaba mama. Hilo ni jiwe letu, linakukaribisha."

Nikalipandisha gari, ta, ta, ta, nikawasha taa. Mistari miwili ilikuwepo, mipya, myeupe, kutoka mbele hadi nyuma, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Halafu nikaona kwamba chini ya mipya ilikuwepo mingine. Ya zamani, yenye kutu, jozi nne, na kutu ya kila jozi ina umri wake. Hiyo ya zamani haikufika nyuma. Iliishia mbele, kwenye chuma kinachobeba injini.

Gari linalopita kwenye jiwe hukwaruzwa tumbo zima. Gari linalokwaruzwa mbele tu ni lile lililofika kwenye jiwe, likasimama, likarudi kinyumenyume.

Nikamwuliza binti kama baba yake husafiri Desemba. "Kila Desemba," alisema. "Siku tatu nne hivi. Anatuambia anakwenda Arusha kikazi."

Kutoka kwenye jiwe lile unaliona paa la gereji yangu. Upepo ukiwa wa kushuka, unasikia hata vyuma vya lifti vikigonga. Mara nne ndugu yangu alikuwa amekaa pale na injini inanguruma, akitazama paa lililosimama mahali pa nyumba yake, pengine akingoja mtu atokeze. Nami nilikuwa huku juu nikingoja gari lipite kona.

Jioni ile nilikata jani kwenye masale niliyoyahamisha, nikalifunga fundo. Kilichobaki kilikuwa kupanda basi kwenda Dar, au walau kumkabidhi binti mkononi na kumwambia mpe baba yako. Sikufanya hata kimoja. Nililifunga kwa waya chini ya gari, kando ya ile mistari yenye kutu. Nilijiambia kaka haondoki na gari bila kuinama, ataliona, na ataelewa kwamba nami nimeiona mistari yake. Ukweli ni kwamba nilitaka kusamehewa bila mtu kunitazama usoni.

Nikangoja. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika kwetu wakati huo, na kila ilipolia nilifuta mikono haraka kwa kitambaa. Januari, Februari. Masika ilipoanza simu ililia kweli. Ni binti, analia. Moyo wa baba yake ulikuwa umesimama akiwa mezani.

Tulimleta nyumbani, na kwa desturi alipaswa kulala kwenye kipande chake. Nikasema zege livunjwe, nikaenda mwenyewe kuchukua nyundo. Mzee mmoja wa ukoo akanishika mkono akasema msiba hausubiri. Kaburi la kaka tukalichimba pembeni, kwenye mteremko, kwa sababu pale pa sawasawa palikuwa na lifti.

Siku ya tatu binti aliomba nimtazamie gari kabla ya safari ya kurudi. Mama akapanda na fimbo yake, akakaa juu ya tairi. Hakuwahi kukanyaga gereji ile tangu ijengwe. Nikalipandisha gari. Jani lilikuwepo. Limekauka, limeingia oili na tope, lakini fundo lilikuwa vilevile, na waya umesokotwa vilevile nilivyousokota mimi.

"Baba yako hakuwa anachungulia chini ya gari?" nilimwuliza.

"Aliacha mwaka juzi, baba mdogo. Mgongo ulikuwa haumruhusu kuinama. Alikuwa analizunguka tu anagonga matairi."

Mama akanyoosha fimbo. "Hiyo ni nini hapo juu?"

"Isale."

Akaishusha fimbo. "Isale hupelekwa kwa mkono, mwanangu," alisema.

Nikaukata waya kwa koleo. Nilitembea na jani mkononi hadi pembeni, kwenye udongo ambao ulikuwa bado mbichi, nikaliweka upande wa kichwa. Nikasema, "Shikamoo, kaka," kwa sauti, kama nilivyopaswa kusema asubuhi ile ya viatu. Nikabaki nimesimama nikingoja marahaba, mpaka mama aliponiita niende nikamshushie mtoto gari.