Mkamwana Aliyepiga Nduru

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nilipokuwa mkamwana mgeni hapa Kimuli. Enzi hizo mkamwana aliongea kwa kunong'ona. Sauti yako ikisikika hadi kwa jirani, ukweni walisema hukufundwa. Mimi niliyezaliwa na domo kubwa, we fikiria nilivyoteseka.

Nilishuka mtoni kuteka maji. Kwetu hapakuwa na hata wingu, lakini maji yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo na yanabeba migomba mizima. Nikajua huko juu milimani kumenyesha sana. Bondeni, karibu kabisa na mto, aliishi Beatrisi, mama aliyetoka Burundi, pamoja na wanawe wadogo. Nikasahau adabu zote za ukweni, nikapiga nduru.

Watu walikuja mbio, wengine na mapanga wakidhani ni mwizi. Beatrisi akapandisha watoto mlimani. Tukangoja mpaka jua likawa kali. Maji yalifika ukingoni, yakapungua. Basi, wakaangua kicheko. Shemeji yangu akanibandika jina la Redio. Mume wangu hakunitazama usoni, nami nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe, ambaye hata salamu yangu aliipokea kwa shida, akasimama katikati yao.

"Chekeni mmalize leo," akasema. "Siku akiyaona tena maji haya atanyamaza, na watakaozika watu ni ninyi."

Kisha akanigeukia. "Nawe ukiyaona, piga. Yasipokuja tutarudi kumenya ndizi. Kuna kilichoharibika?"

Masika yaleyale maji yakageuka tena. Sikudanganyi, mdomo ulikuwa mzito. Kile kicheko nilikisikia kabla hakijachekwa. Halafu nikamkumbuka mama mkwe, nikapiga nduru mpaka koo likaniuma.

Safari hii walikuja bila kuulizana. Beatrisi alikuwa bado anapanda mlima, amefika kwenye mibuni yetu, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono, nyumba yake ilipobomoka ikaondoka na maji. Alikaa chini akalia, huku anawapapasa wanawe vichwa, huyu na huyu, kama asiyeamini kwamba wapo.

Sasa ninyi mna simu. Juzi yule dada mliyemchagua kuangalia mto aliwatumia ujumbe mhame bondeni. Maji hayakuja, na nimewasikia mkimwita mwongo. Mmenikasirisha sana.

Mwanangu, anayeangalia mto kwa ajili yako atakosea mara nyingi. Kila akikosea, mshukuru, urudi nyumbani ukale. Akiita, panda kwanza, maswali utauliza ukiwa juu. Na usijenge bondeni hata ukipewa kiwanja bure. Pale panda maharage ya kiangazi, ulale mlimani. Ukimcheka leo, umemfunga mdomo kwa siku ambayo wanao watamhitaji.

Mungu akupe jirani asiyeogopa kuchekwa, mwanangu, na akupe wewe miguu myepesi siku atakapokuita.