Swichi Iliyotutoa Kwenye Makaa

Mwanangu, juzi uliponiuliza kati ya swichi za umeme za MOSFET na IGBT ipi ni bora kwa mashine ya kupasha chuma moto kwa umeme, nilicheka hadi chai ikanitoka puani. Sikukucheka wewe. Nilikumbuka siku moja pale Kariobangi, mimi na rafiki yangu Odhis tukiwa vijana wenye karakana ndogo, na swali hilohilo nusura litufukuzishe mtaani.

Tulikuwa tukifua tindo na patasi kutokana na ekseli kuukuu za magari, kwa moto wa makaa. Moshi ulipanda moja kwa moja hadi ghorofani kwa Mama Njeri, ambaye mtoto wake alikuwa na pumu. Mwenye nyumba akatuambia wazi: mwezi ukiisha, moshi uwe umeondoka au tuondoke sisi. Mimi nilikuwa nimemaliza tu masomo ya jioni ya elektroniki, nikatangaza kwamba nitaunda mashine isiyo na moshi. Kichwa changu siku hizo hakikupita mlangoni, ilibidi niingie kwa ubavu.

Mashine yenyewe unaijua: umeme hupita kwenye koili ya shaba, na chuma kikiwekwa katikati hupata moto bila kuguswa. Kazi ya swichi ni kuugeuzageuza mwelekeo huo umeme, mara nyingi kwa sekunde. Nilichagua MOSFET kwa sababu moja tu, kwamba huwaka na kuzima haraka kuliko wenzake.

Siku ya kujaribu, ekseli iliiva nyekundu kabla sijamaliza kujisifu, na mimi hujisifu kwa kasi. Odhis akaitoa kwa koleo, akaiweka kwenye fuawe, akapiga. Nyundo ikaruka nusura imng'oe meno.

"Profesa," akasema, "umenipikia chapati ya haraka. Nje imeungua, ndani bado ni unga."

"Ongeza umeme."

Tukaongeza. Ngozi ya chuma ikaanza kuyeyuka kama mshumaa, moyo wake bado mgumu.

Mwalimu Salma, aliyenifundisha jioni zote hizo, alikuwa amekuja kuona kazi ya mwanafunzi wake. Alisimama mlangoni, amekusanya buibui lake lisiguse masizi.

"Chuma chako kina unene gani?"

Nikaanza kumweleza sifa za MOSFET.

"Sijakuuliza swichi, baba. Nimekuuliza chuma."

Nikatafuta rula, jambo ambalo Odhis hulisimulia hadi leo. Mwalimu akatueleza kwamba umeme ukigeuzwa kwa kasi sana hubaki kwenye ngozi ya chuma, na hiyo yafaa kugumisha makali membamba. Ukigeuzwa polepole zaidi, moto huzama ndani. Kwa ekseli nene tulihitaji IGBT: huchelewa kuzima, na ukiilazimisha kukimbia itaungua, lakini huvumilia volti kubwa na mkondo mzito.

"Na ile swichi ya thairista?" Odhis akadakia, asipitwe.

"Hiyo ina nguvu zaidi na ni ya polepole zaidi. Waachie wenye matanuri makubwa kule Industrial Area. Nyinyi mtakuwa mnabeba kiberiti kwa lori."

Tukatoa IGBT kwenye mashine za kuchomelea zilizokufa, tukabadilisha koili na kapasita ili umeme ugeuke polepole, tukazifunga IGBT hizo kwenye bamba lenye maji ya kuzipoza. Mwezi ulikuwa ukingoni, na Odhis ameshatia nyundo zake guniani. Tukawasha. Chuma hakikuwa na haraka. Kikaiva rangi ya chungwa hadi moyoni, na nyundo ikazama kama mwiko kwenye ugali. Odhis akarudi kulifungua gunia.

Asubuhi iliyofuata, tukisubiri chuma kiive, Mama Njeri alichungulia kutoka juu na shuka nyeupe mkononi.

"Vijana, leo hamfanyi kazi?"

"Tunafanya, mama. Tumeanza kitambo."

Akautafuta moshi hewani, asiuone. Akaanika shuka. Mwanangu, nilishusha pumzi ambayo nadhani ilipeperusha nguo hadi Dandora.

MOSFET zangu sikuzitupa. Nazitumia mpaka leo kwa makali membamba. Basi usiniulize tena ipi ni bora. Pima kwanza unachotaka kukipasha, ujue moto uzame kiasi gani na mkondo uwe mzito vipi, ndipo uende kutafuta swichi. Na uulize pia nani anaishi juu yako.

Mungu akupe mkono uliotulia, na kila utakapofungua karakana, shuka za majirani zikauke zikiwa nyeupe.