Nilivyomshusha Mjukuu Wangu Mbele ya Daktari

Yaliyosemwa ndani ya chumba cha usaili nimesimuliwa tu, hivyo nayaacha. Naandika niliyoyaona na kuyatamka mwenyewe ukumbini. Mjukuu wangu Salma aliomba nafasi ya kusomea udaktari hapa Houston, nami nikamsindikiza kutoka Katy, kitongoji tunakoishi. Usaili ulipokwisha, daktari aliyemsaili alitoka naye, akanisalimu, akaniuliza binti huyu hufanya nini nje ya masomo.

Kwetu Mombasa mtoto hasifiwi mbele ya mgeni, kwa kuchelea kijicho. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha mwalimu mkuu mstaafu: "Hakuna la maana. Hata chai hajui kupika."

"Babu," Salma alininong'oneza, "hapa ukisema hivyo wanaamini."

Daktari akatazama karatasi zake. "Ameandika kwamba kila asubuhi humchoma babu yake sindano ya kisukari na kumkagua nyayo. Anasema amejifunza subira, kwa kuwa mzee huyo ni mbishi. Ana babu mwingine?"

"Hana," nikasema. "Mbishi ndiye mimi."

Nikavua kiatu palepale, nikamwonyesha kovu la kidonda alichokigundua Salma kabla sijakihisi. Daktari akapiga magoti, akalitazama kovu, kisha akamtazama Salma, akatabasamu.