Angempa Manyunyu

Juzi, dukani kwa Mhindi hapa Dodoma, mama mmoja alikuwa akifunga chumvi kwenye pindo la kaniki yake huku akimlalamikia katekista.

"Mwalimu, mvua tumeiomba sisi. Jirani yangu hajakanyaga kanisani hata siku moja, na uwele wake umelowa sawa na wangu."

"Mungu anampenda na yeye, mama."

Mama akalikaza fundo kwa meno, akafikiri.

"Ampende. Lakini si angempa manyunyu tu?"

Katekista alicheka mpaka akavua kofia. Wote tunauamini upendo wa Mungu, ila tungependa atuachie sisi kuugawa, kama jumbe anavyogawa mahindi ya Serikali wakati wa njaa: anaanza na ndugu zake.