Jembe Lililobaki Hewani

Kazi yangu hapa Tabora mjini ni video. Zamani nilipiga harusi. Siku hizi vijana wana simu na vidude vinavyoruka, nami nimebaki na kompyuta moja, viti viwili, na watu wanaoniletea diski za zamani niwahamishie kwenye simu. Ni kazi ya kukaa, na umri wa kukaa nimeufikia. Tatizo ni kwamba sina subira na mashine, na mashine zinalijua hilo.

Kiangazi hiki alikuja mama mmoja kutoka Kwihara na binti yake wa darasa la saba. "Mwangaluka, kaka," alisema, akakaa kabla sijamkaribisha, akafungua khanga na kutoa diski. Niliitambua mara moja, maana karatasi yake ya juu niliichapa mwenyewe: maua mekundu na njiwa wawili, urembo niliouona wa maana sana enzi zile. Ilikuwa harusi ya mdogo wake, niliyoipiga kijijini kwao.

"Humu yumo baba wa huyu," alisema. "Anacheza ngoma ya majembe."

Mumewe alifariki wiki chache baada ya harusi ile, binti akiwa bado tumboni. Diski ilipofika alikuwa ameshazikwa, na mjane akaifungia sandukuni bila kuitazama. Sasa binti ameingia kikundi cha ngoma shuleni, anajifunza kurusha jembe, na kila mtu mzima anamwambia kwamba baba yake alikuwa akilirusha juu, anageuka mzunguko mzima, halafu analidaka nyuma ya mgongo kwa mkono wa kushoto. Yeye alikuwa na picha moja tu ya baba yake, amesimama wima kama anayesubiri kupimwa urefu. Ndipo wakaazima kompyuta ya mwalimu, wakaiweka diski.

"Baba akirusha tu, inakuja mistari kioo kizima," binti alisema. "Ikitulia, ni watu wengine. Sikuona alivyodaka."

Nikawaambia warudi Jumamosi. Nilisema kwa majivuno kidogo, kwa kuwa mistari ile naifahamu. Kamera zetu za wakati ule zilichukua kila picha kwa nusu mbili: kwanza mistari kwa kuruka mmoja mmoja, kisha ile iliyorukwa. Televisheni ya zamani ilizionyesha kwa zamu, jicho likaridhika. Kompyuta inazibandika pamoja, na kwa kuwa kitu kinachokwenda kimeshasogea kati ya nusu moja na nyingine, kingo zake zinatoka meno kama kitana.

Programu yangu ya kugeuza video ina njia kadhaa za kuyaondoa. Nilianza na ile ya kuchanganya nusu mbili: meno yakaisha, lakini kila mchezaji akapata kivuli chake, na jembe moja likawa mawili. Nikajaribu ya kutupa nusu moja. Picha ikatakata, ila mwendo ukawa wa kurukaruka, jembe liko mkononi, mara liko juu ya kichwa. Kwa hotuba za wazee ingetosha. Kwa mkono ule mmoja haikufaa.

Ikabaki ile njia ya polepole, ambayo kila nusu inajengwa iwe picha kamili na mwendo wote unabaki. Kompyuta ilihema mchana kutwa, umeme ukakatika, nikaanza upya. Nilipofungua, jembe lilipanda kidogo, likarudi chini kidogo, likapanda tena, na wachezaji wote wakitetemeka kama wenye homa. Niliitukana programu, nikamtukana aliyeitengeneza na shule aliyosoma. Nikaweka toleo jipya, likatetemeka vilevile. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba diski yenyewe ilikuwa ikiiambia programu kuwa nusu ya pili ndiyo ya kwanza. Na aliyeichoma diski hiyo, akaweka alama ya mpangilio wa nusu kinyume, ni mimi. Nilimwomba radhi yule mtengenezaji kimoyomoyo, nikapindua mpangilio.

Ijumaa alasiri picha ilitoka safi. Nikaitazama taratibu. Vumbi, njuga miguuni, yule bwana mbele ya wenzake, shati limelowa, anacheka. Anainama, anarusha. Jembe linapanda, unauona hata mpini ulivyochakaa. Anaanza kugeuka. Hapo picha nzima inafagia kushoto, na katikati ya kioo yuko shangazi mmoja, anacheza akienda kumtunza bibi harusi kitenge.

Kwetu mpiga video akimkosa mtu anayetunza hana la kujitetea. Aliyetoa zawadi asipojiona kwenye diski, ni ugomvi wa ukoo mzima. Ndiyo maana nilizoea kusikia vigelegele vya kutunza na kugeuka kabla ya kufikiri. Tena mistari ile ilipaswa kunishtua tangu mwanzo, kwa sababu kioo kizima hutoka meno pale tu kamera yenyewe inapogeuka haraka. Miaka yote hii kazini, na sikulifikiria. Niliona aibu, na haikuwa aibu ya kazi peke yake.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimefikiria kusema diski imechubuka sehemu ile. Binti aliponiamkia shikamoo huku macho yake yako kwenye kioo, nilishindwa. Nikawawekea. Baba yake akacheka, akainama, akarusha, akaanza kugeuka, na shangazi akaingia na kitenge chake. Nikawaeleza kwamba mistari haikuficha kitu. Mimi niligeuza kamera.

"Alilidaka," mama akamwambia bintiye. "Nilikuwepo na tumbo langu. Alilidaka, akanitazama."

Binti akanigeukia. "Na wewe, mjomba, ulimwona?"

Siku ile nilikuwa hatua sita kutoka kwa baba yake, kamera begani.

"Sikumwona, mwanangu," nilisema. "Nilikuwa naangalia kitenge."