Sahani za Pole

Nakumbuka siku moja ya kiangazi mama yangu alipoanguka nami, nikamlalia kifuani, tukabaki hivyo sakafuni hadi watu waliporudi kutoka shamba la kijiji. Mwanangu, wewe uliyevunjika uti wa mgongo ungali kijana, nakuandikia habari hii kwa sababu ilianza kwa upendo.

Tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Vidunda na kuhamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Mikumi. Nilikuwa nimemaliza sekondari. Tulipokuwa tukiezeka ghala kwa kazi ya pamoja, boriti ilikatika, nikaanguka, na miguu haikunirudia tena. Hospitalini waliniruhusu kwa agizo fupi: mikono ifanye kazi kila siku, na chakula kipungue, maana mwili usiotembea hauhitaji kingi.

Kijiji hakikuweza kulivumilia agizo hilo. Nilikuwa nimeumia katika kazi yao, na kila aliyekuwapo ghalani alijiona mkosaji. Wakakubaliana nyumba zipokezane kunilisha: asubuhi uji wa karanga na sukari, mchana wali wa nazi, jioni ndizi kwa nyama. Aliyeleta alikaa kunitazama mpaka sahani iishe, kwani kubakiza kulikuwa sawa na kumwambia kwamba sijamsamehe. Nikala. Nilipojaribu kujisogeza, walinizuia: "Tulia, baba. Wewe umeshafanya kazi yako."

Nilinenepa. Mjomba alipokuja kutoka mlimani alinitania, "Mpwa wangu, ukiendelea hivi tutakubeba kwa trekta!" Tulicheka wote isipokuwa mama. Ni yeye aliyenigeuza kitandani nisipate vidonda, naye alikuwa mwembamba. Kadiri nilivyozidi uzito, ndivyo alivyochelewa kunigeuza. Kidonda kikafunguka nyongani, kikaanza kunuka.

Siku ile ya kiangazi mama alijaribu kunihamishia kwenye kiti peke yake. Nilimsikia akiguna, kisha tukaanguka. Akiwa chini yangu alisema kwa sauti ndogo, bila hasira, "Mwanangu, watu hawa wananiua kupitia mdomo wako."

Jioni Mwenyekiti wa kijiji alikuja kutupa pole, mkewe akiwa na bakuli lililofunikwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nilisema. "Naomba chakula hiki kirudi."

"Marahaba. Unakataa chakula cha kijiji, kijana? Basi bado una kinyongo nasi."

"Sina. Mkitaka kunisaidia, leteni mikono. Mama hataweza kunibeba tena."

Mkewe ndiye aliyesema, machozi yakimlengalenga, "Sasa mimi nitakuja na nini?"

Mama alijibu akiwa mkekani, hawezi kugeuka. "Njoo mikono mitupu, dada. Njoo unigeuzie mtoto."

Baadhi walikuja. Wengine waliona nimewatukana, hawakukanyaga tena kwetu. Vijana walinifungia kamba juu ya kitanda, nikajifunza kujivuta mpaka mabega yakatetemeka, na nikala kama nilivyoagizwa. Mwili ulipungua taratibu mno, kidonda kikafunga. Mgongo wa mama haukunyooka tena. Nilikwenda chuo kikuu nikimwacha akitembea ameinama, na hivyo ndivyo alivyoishi hadi tulipomzika.

Kwa hiyo, mwanangu, tambua kwamba hamu yako ya kula haina habari kuwa miguu imelala. Itaendelea kudai sehemu ya mtu anayelima. Usiipe. Ugali uwe mdogo, mchicha na kunde ziwe nyingi, samaki akipatikana umle, sukari na mafuta viwe vya kuonja tu. Mikono ifanye kazi hata siku usiyoiona faida yake, na ujinyanyue kitini mara kwa mara ili ngozi ipumzike. Uzito unaouongeza yupo mtu anayeubeba, na mara nyingi hatakuambia. Nanyi mnaompenda, msimlishe huzuni yenu.

Mungu akujalie mabega imara na ngozi nzima, na auhifadhi mgongo wa yule anayekunyanyua.